Nimeahidiwa kazi ya Kiingereza Thailand: tuuze kiwanja niende?

SWALI

"Jambo mwalimu. Nina miaka 29, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nilimaliza lisansi (shahada ya chuo kikuu) ya Kiingereza na nafundisha sekondari. Jioni nafundisha wafanyakazi wa migodi kwenye senta moja ya mjini. Mshahara wa shule unachelewa: wazazi wasipolipa, na sisi hatulipwi. Kwenye kundi la WhatsApp nimempata wakala anayetafuta walimu wa Kiingereza kwenda Thailand, mji unaoitwa Mae Sot. Anaahidi dola 1,800 kwa mwezi, nyumba na chakula bure. Anataka dola 1,500 za kushughulikia safari. Nitaingia kwa viza ya utalii, kibali cha kazi kitafuata nikiwa kule, na dereva atanipokea uwanja wa ndege wa Bangkok. Tulifanya mahojiano kwa simu: waliniuliza kama najua kompyuta, nachapa maneno mangapi kwa dakika, na kama nimeolewa. Mama yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Ruashi. Mjomba anasema nisipoteze muda, huko wanataka Wazungu tu, na kwa lafudhi yetu hii watanicheka. Mwenzangu wa shuleni amekwisha kulipa na anaondoka mwezi ujao. Je, niende? Na kama si huko, mwalimu wa Kiingereza kutoka Kongo aende wapi?"

JIBU

Jambo dada yangu. Kiwanja kisiuzwe, na pesa zisitumwe. Nalisema hilo kwanza ili mama alale usingizi. Sasa nieleze sababu, maana mtu mzima mwenye lisansi hastahili kukatazwa tu bila kuelezwa.

Wewe umeuliza kuhusu viza na pesa, lakini mimi nilisimama kwenye yale maswali ya mahojiano. Nimesaidia walimu wengi kusoma mikataba ya kwenda nje na kujiandaa kwa mahojiano, na shule ya kweli, iwe ya Lusaka au ya Bangkok, huomba jambo moja kabla ya yote: ikuone ukifundisha. Watakupa mada, watakuambia uandae somo la dakika 10 au 15, watakaa wakutazame kwenye kamera unavyoeleza, unavyosahihisha kosa, unavyomrudisha mwanafunzi aliyetoka nje ya somo. Watauliza umri wa watoto uliowafundisha. Wewe hukuulizwa lolote kati ya hayo. Uliulizwa kasi ya kuchapa. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa darasa la tatu hana haja ya kuchapa haraka. Mwenye haja hiyo ni mtu atakayekaa mbele ya kompyuta siku nzima akiwaandikia watu.

Sasa chukua ramani. Mae Sot iko magharibi ya Thailand, mpakani kabisa. Ukivuka mto Moei unaingia Myawaddy, nchi ya Myanmar. Kandokando ya Myawaddy yamejengwa maboma yenye kuta ndefu na walinzi wenye silaha, na linalojulikana zaidi ni KK Park. Ndani yake watu hukaa saa 12 au zaidi kwa siku wakiwaandikia Wamarekani, Wazungu na hata Wachina, wakijifanya wapenzi au wafanyabiashara waliofanikiwa, mpaka anayeandikiwa aamini na kuweka akiba yake ya uzeeni katika biashara ya uongo ya sarafu za kidijitali. Kazi hiyo inahitaji watu wanaoandika Kiingereza safi. Wengi wa wanaoifanya hawakuja kwa hiari: waliahidiwa ukarani, huduma kwa wateja, ukalimani, ualimu. Walipokewa Bangkok na dereva, wakasafirishwa saa nyingi kwa gari, wakavushwa mto, wakanyang'anywa pasipoti, kisha wakaambiwa wana deni la gharama za safari. Asiyefikisha kiwango cha siku hupigwa. Anayetaka kutoka, familia yake hudaiwa maelfu ya dola.

Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa makadirio kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wanashikiliwa katika kazi hizo Myanmar, na 100,000 hivi Kambodia. Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa unavuka mpaka kwenda maeneo hayo, na siku chache baadaye kundi la kwanza la watu zaidi ya 250 kutoka mataifa karibu 20 likavushwa kurudi Mae Sot. Waethiopia ndio waliokuwa wengi zaidi, na Wakenya walikuwamo pia. Oktoba mwaka huohuo jeshi la Myanmar lilivamia KK Park, na watu zaidi ya elfu moja wakakimbilia upande wa Thailand. Usidhani basi kwamba biashara hiyo imekwisha. Boma likifungwa, wenye mali huhamia jingine, na huko nako wanahitaji watu wapya wa kuandika.

Swali la ndoa nalo halikuwa la adabu. Jibu lake linawaonyesha ni nani atakayekutafuta ukipotea, na kwa haraka gani.

Je, nina hakika kwamba wakala wako ni wa kundi hilo? Sijamwona, na simhukumu mtu kwa ujumbe wa WhatsApp. Shule za kweli Mae Sot zipo, nyingine zinasomesha watoto wa wakimbizi na wafanyakazi kutoka Myanmar. Ila hizo nyingi huendeshwa kwa misaada na pesa zao ni za kuhesabu; haziwezi kumlipa mwalimu mgeni dola 1,800 na kumlisha juu yake. Dola 1,800 ni takriban bati 60,000. Shule ya kawaida ya Thailand haimlipi hivyo hata Mwingereza anayeanza kazi. Shule za kimataifa za Bangkok hulipa hizo na zaidi, lakini zinataka leseni ya ualimu na miaka ya kazi, na hazitafuti watu kwenye kundi la WhatsApp la Katuba. Tangazo ambalo mshahara wake hauendani na mji, wala mji hauendani na mahojiano, mimi sihitaji ushahidi mwingine ili nikae nyumbani.

Tuje kwenye viza, maana hata kama wakala angekuwa mtu mwema, njia aliyokupangia ni mbaya. Mwalimu anayekwenda Thailand kihalali huombewa viza ya kazi wanayoiita Non-Immigrant B. Ili uipate, shule inakutumia barua ya kukuajiri, nakala ya leseni ya shule, na barua ya kibali kutoka mamlaka ya elimu ya nchi hiyo. Wewe unaongeza shahada zako na cheti cha mahakama kwamba huna kosa. Maombi siku hizi hupitia kwenye mtandao wa viza wa serikali ya Thailand, na kila mtu anaweza kuyafungua mwenyewe bila wakala. Ukishafika, mwajiri anashughulikia kibali cha kazi na ruhusa ya baraza la walimu. Ni kweli kuna watu waliobadilisha viza ya utalii kuwa ya kazi wakiwa ndani ya Thailand, sheria ina mlango huo. Lakini mlango huo unafunguliwa na mwajiri mwenye karatasi kamili, na kama anazo, kwa nini asikutumie sasa, ukiwa bado kwenu? Anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya bati 5,000 na 50,000, kisha hurudishwa kwao na kunyimwa kibali kwa miaka miwili. Mwajiri hubaki pale, wewe ndiye unayepandishwa ndege.

Nayasema haya kwa nguvu kwa sababu mchezo uleule unachezwa kwa jina la Uchina. Utaambiwa uingie kwa viza ya mwanafunzi au ya utalii, ufundishe shule ya chekechea kimyakimya. Sheria ya Uchina inasema mgeni afanyaye kazi bila kibali hutozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15 kabla ya kufukuzwa. Viza halali ya kazi kule ni Z, na mwenye nayo ana siku 30 tangu afike za kuomba kibali cha ukaazi. Tena, tangu Julai 2021 serikali yao ilipozibana kampuni za masomo ya ziada, kazi nyingi zilizokuwa zinawavuta walimu wageni zilikufa.

Mjomba naye tumjibu kwa heshima yake. Anachanganya ngozi, lafudhi na pasipoti, na kati ya hizo tatu inayofunga mlango mara nyingi zaidi ni pasipoti. Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi: viza yao ya mwalimu wa lugha, E-2, kwa kazi ya Kiingereza hutolewa kwa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mwafrika Kusini mweusi anapita. Mkongomani mwenye shahada tatu na Kiingereza safi hapiti, hata akifundisha vizuri kuliko wote. Uchina nako kanuni inawapendelea wenye pasipoti za nchi hizohizo. Usiombe msamaha kwa jambo hilo wala usilipe mtu anayedai atalizunguka. Ubaguzi wa rangi upo pia, sikufichi: kuna shule zinazoomba picha kabla ya vyeti, na kuna wazazi wanaotaka sura wanazoziona kwenye filamu. Thailand, mwalimu asiye wa nchi za Kiingereza mara nyingi hulipwa chini ya mwenzake kwa kazi ileile. Wakameruni na Wafilipino wengi wanafundisha huko kwa hali hiyo, na wengine wameridhika. Wewe uijue kabla, ujiamulie.

Lafudhi yako hainisumbui. Watu wengi zaidi duniani wanazungumza Kiingereza kama lugha ya pili kuliko waliozaliwa nacho, na mwanafunzi wa Chiang Mai atakitumia zaidi na Mjapani au Mhindi kuliko na mtu wa London. Linalohitaji kazi ni kueleweka. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa na kukua na Kiswahili tuna makosa yetu tunayoyafahamu: Kifaransa kinatuvuta tukazie mwisho wa neno, Kiswahili kinatuvuta tukazie silabi ya pili kutoka mwisho na kutia vokali katikati ya konsonanti, na wote tunasema "ship" na "sheep" kwa sauti moja. Jirekodi ukifundisha dakika 10, mpe mtu asiyekujua aandike alichosikia. Pale alipokosea kuandika ndipo pa kufanyia mazoezi. Kazi ya miezi miwili mitatu, bila dola.

Vyeti vinapangwa hivi. Lisansi yako ndiyo msingi, na bila shahada nchi nyingi hata hazikusikilizi, kwa hiyo hapo una mtaji tayari. Kwa Thailand, mtu asiyetoka nchi ya Kiingereza huombwa pia alama za mtihani wa Kiingereza kama TOEIC, kiwango kinachotajwa sana kikiwa 600, au IELTS. Alama za IELTS hutumika miaka miwili tu, basi usiufanye mapema ukakaa nao kwenye sanduku. Lusaka unafanyika. Kuhusu cheti cha ualimu cha saa 120 kinachouzwa mtandaoni, kinasaidia kujaza fomu, lakini usitegemee kikufundishe kufundisha. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ni kitu kingine kabisa, kwa sababu ndani yake unafundisha wanafunzi halisi saa 6 huku mkufunzi anakutazama. Ni ghali. Usiifanye kabla hujajua nchi unayokwenda inaithamini.

Karatasi zetu zenyewe ndizo zinazochosha. Shahada ya Kongo ikitaka kutambuliwa nje hupitia mihuri ya ngazi kwa ngazi: chuo, wizara ya elimu ya juu, Mambo ya Nje Kinshasa, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Anayekuahidi kumaliza hayo kwa wiki moja anakuandalia muhuri wa kughushi, na muhuri wa kughushi utakufuata kwa kila ombi la viza utakaloandika baadaye. Usisahau kadi ya njano: Thailand inawadai wasafiri kutoka Kongo chanjo ya homa ya manjano, na tangu 2016 kadi hiyo inahesabika ya maisha yote, hakuna haja ya kumlipa mtu "aihuishe".

Basi uende wapi? Nikikuambia ukweli, sioni nchi ya kukimbilia mwezi ujao. Naona njia ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na inaanzia kwenye sentensi uliyoiandika kama jambo dogo: kwamba jioni unafundisha wafanyakazi wa migodi. Dada, hiyo ndiyo mali yako. Walimu wa Kiingereza cha jumla ni wengi kila nchi. Wanaoweza kumfundisha fundi wa migodini Kolwezi kuandika ripoti ya mashine iliyoharibika, kusoma maagizo ya usalama, kumweleza mhandisi mgeni hitilafu iko wapi, hao ni wachache. Mgodi wa Kamoa-Kakula peke yake una Wakanada wa kampuni ya Ivanhoe na Wachina wa kampuni ya Zijin wanaofanya kazi na watu wetu, na kati yao lugha ya kukutania ni Kiingereza. Andika kozi yako, ya wiki 12 tuseme, yenye msamiati wa kazi zao na mtihani mwanzoni na mwishoni. Kisha ipeleke kwa kampuni ndogo zinazohudumia migodi, zile za usafirishaji, uchomeleaji na ulinzi, kabla ya kugonga milango mikubwa. Senta inakulipa sehemu ndogo ya kile mwanafunzi anacholipa. Kampuni ikikulipa mwenyewe, hesabu inabadilika, na mbele ya mwajiri wa nje hiyo ni kazi yenye uzito.

Zambia iko karibu, kilomita mia hivi mpaka Kasumbalesa, na watu hufikiri ni rahisi. Kufundisha Kiingereza kule, sikushauri uhesabu juu yake: ni lugha yao ya serikali, walimu wanao, na wengine hawana ajira. Unachokibeba wewe na wao hawana ni Kifaransa. Shule za sekondari na za binafsi za Zambia hufundisha Kifaransa, na mwalimu anayekieleza kwa Kiingereza kizuri anasikilizwa. Utahitaji kibali cha ajira cha uhamiaji wao na kusajiliwa na baraza lao la walimu. Kuvuka mpaka kwa siku za matembezi na kuingia darasani ni kosa kule kama lilivyo kosa Bangkok. Ukikaa huko miaka miwili mitatu, Kiingereza chako kitanyooka bila kulipia kozi, na nyumbani ni safari ya basi. Kwa mtu mwenye mama anayemtegemea, mimi ningeliweka hili juu ya Asia.

Kuna pia njia ya kusoma. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, uko wazi kwa Wakongomani wenye shahada ya kwanza na kazi ya miaka miwili hivi. Hakuna ada ya kuomba, ila ushindani ni mkali, na ukimaliza unatakiwa urudi nchini kwa miaka miwili. Omba, lakini usisimamishe maisha ukingoja jibu.

Na Thailand? Ukiitaka bado, iendee baada ya kupata alama za mtihani, kwa shule uliyoipata mwenyewe, uliyoipigia kwenye namba iliyo kwenye tovuti yake na si ile uliyotumiwa. Iombe iandike kwenye mkataba nani analipia kibali cha kazi, na kama mshahara ni wa miezi 12 au 10, maana likizo ndefu nyingine hazilipwi. Weka kando nauli ya kurudi, mahali ambapo hata wewe huwezi kuigusa kirahisi.

Mambo ya kwenda kuulizia ana kwa ana ni haya. Mkataba wowote ulio mkononi, upeleke kwa wakili wa baro (chama cha mawakili) ya Haut-Katanga kabla ya kusaini. Saa moja ya wakili ni nafuu kuliko kiwanja. Kama wakala ana watu wake Lubumbashi, au mtu amekwisha kulipa, nendeni parketi (ofisi ya mwendesha mashtaka) mkaweke malalamiko, na mwandikie Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambalo lina ofisi nchini na linashughulika na usafirishaji haramu wa binadamu. Usifute ujumbe hata mmoja: namba za simu, risiti za pesa ulizotuma kwa simu, sauti, vyote ni ushahidi.

Mwenzako ndiye wa haraka kuliko wote. Mwone leo, si kwa simu, na umsomee habari za Myawaddy. Usimchekee wala usimwonyeshe kwamba amekuwa mjinga. Mtu aliyekwisha kulipa hushikilia ndoto yake ili asione hasara, na ukimwaibisha ataondoka bila kukuaga. Mwombe amwandikie wakala ombi moja: barua ya mamlaka ya elimu ya Thailand yenye jina la shule, kabla ya kupanda ndege. Akikataa kukusikia na akaondoka, basi abaki na nakala ya pasipoti yake kwenu, awatumie mahali alipo kila siku, na mpatane neno moja la siri ambalo akiliandika mtajua kwamba hayuko huru. Awe na namba mbili kichwani akiwa Thailand: 1155, polisi wa watalii, wanaosema Kiingereza, na 1300, ya msaada wa ustawi wa jamii, inayopokea kesi za watu waliosafirishwa kwa hila. Dereva akisema uwanja wa ndege kwamba safari ni ya saa saba kuelekea magharibi, asiingie kwenye gari. Arudi ndani, mahali penye watu na taa, apige 1155 akiwa bado ana pasipoti mkononi.